Lami Laini Mbele ya Shule

Jumatatu, 12 Mei 2025

Nimeamua kuandika yote humu, hata yatakayoniaibisha.

Malori tangu kipindi cha kwanza. Mwalimu ananyamaza lori lipite, anaanza tena, linakuja jingine. Mdogo wangu Kabula anasikia kwa sikio moja tu. Mama anasema hali ikiendelea hivi atampeleka kwa bibi, kule Kharumwa, akasome kwenye utulivu. Sitaki. Tunalala kitanda kimoja.

Ila mjomba Masanja, msimamizi wa ujenzi wa barabara, amesema mbele ya shule watatandika lami laini, siyo ile ya kokoto inayounguruma chini ya matairi. Nimefurahi mno.

Ijumaa, 16 Mei

Mkutano. Kina mama wenye vibanda mbele ya shule wamekataa kupisha ujenzi. Mjomba akaniomba niseme nao Kisukuma, maana yeye hawamwamini. Nikawaeleza habari ya lami laini na sikio la Kabula, nikasukuma toroli juu ya sakafu ya saruji, kisha juu ya kokoto. Kelele wakazisikia wenyewe.

Mama Shija, muuza maandazi, akacheka. "Haya mwanangu. Kwa ajili ya Kabula, tunahama."

Nilijiona mtu mkubwa.

Jumatano, 21 Mei

Vibanda vimeng'olewa. Leo wamenyunyiza lami, wakamwaga kokoto juu, wakashindilia. Mbele ya shule yetu! Laini imeishia kwenye hoteli mpya.

Nilimfuata mjomba. Alikuwa anakula hindi la kuchoma, hakuacha kutafuna.

"Ramani ni hiyo tangu mwanzo, mama. Ningesema ukweli, wangehama?"

Alijua. Alinitumia.

Jioni nimekutana na Mama Shija, beseni kichwani, anatembeza maandazi juani.

"Shikamoo, mwalimu wa lami!"

Mtu mzima, kuniamkia mimi. Wenzake wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze. Namchukia mjomba.

Jumapili, 25 Mei

Kabula ameondoka na basi la asubuhi. Kitanda ni kipana.

Nimeenda kwa Mama Shija. Nikamwamkia. Akageuza maandazi kwanza, ndipo akasema marahaba. Hakuniangalia.

Mjomba anakuja kula kwetu leo. Mama anachambua mchele. Nimeazima simu yake, nimemwandikia mjomba, nangoja jibu:

"Mjomba, kabla hujafika hapa, utapita kwa Mama Shija umwambie kwamba mimi sikujua?"