Mhitimu Mashuhuri Sebuleni Kwetu

Minaz, uchumba umevunjika. Weka chai chini usome.

Mshenga wa mchumba wangu kasimama mbele ya wazee: "Kijana wetu Rwehumbiza ni mhitimu mashuhuri wa chuo cha serikali cha Wamarekani weusi. Kimetoa majaji, kimetoa wanasayansi!" Sebule nzima makofi.

Akazungusha picha. Bwana kasimama kwenye ukuta wa wahitimu mashuhuri, meno yote nje.

Baba akavaa miwani. "Mbona shingoni ana kadi ya mgeni?"

YA MGENI, Minaz!

Rwehumbiza akajikuna. "Nilimtembelea binamu."

Halafu ananigeukia mimi: "Bernadetta, waeleze." Niwaeleze nini, we mwongo? Miaka miwili kanidanganya!

Nikamwambia mama, "Mpakulie mgeni ale, aende kwao."