Taa Nne Ulizokataa

Nyalukemba, Jumapili jioni

Papa,

Nimeweka taa kwenye trekta. Nakwambia mwanzoni kabisa, usije ukasikia huko uliko kutoka kwa mtu mwingine. Ni taa nne: mbili zinamulika mbele, mbili zinamulika nyuma, kwenye jembe. Najua ulikataa. Ulikataa mara tatu, na mara zote tatu nimeziandika kwenye daftari langu, pamoja na maneno yako: "Trekta iko na kazi ya kulima, haiko gari ya ndoa." Kila mtu mezani alicheka. Mimi pia nilicheka, ila sikukubali.

Sasa hupo wa kunikataza. Sijui kama jambo hilo linaniumiza au linanipa nguvu. Kuna asubuhi ambazo ni yote mawili kabla sijamaliza chai.

Nikueleze kwa utaratibu.

Ulipolala kitandani uliacha mashamba saba ya akina mama wa Kavumu hayajalimwa. Majina yao yalikuwa kwenye mlango wa stoo ya kulekule tunapoiweka trekta, uliyaandika kwa chaki kwa mkono wako. Baada ya mazishi, Tonton Deo, ndugu yako, alisimama mbele ya familia akasema trekta iuzwe kwa mtu mmoja wa Luvungi, kwa kuwa hakuna wa kuiendesha. Nikasema ninaiendesha mimi, tangu mwaka niliomaliza shule. Watu wakatazama chini vile wanavyofanya mtoto akisema jambo baya mbele ya wageni. Tonton akanijibu kwa upole, na ule upole ndio ulionichoma.

"Mutoto wangu, ile kazi imekufa pamoja na papa yako."

Nikasema hapana. Nikamwomba anipe muda mpaka Jumapili ya kuondoa matanga. Mashamba yote saba yakiwa yamelimwa, trekta inabaki kwangu. Likibaki hata moja, nitampelekea ufunguo mimi mwenyewe. Alikubali haraka sana, Papa. Alikuwa na uhakika wake.

Usiku huo sikulia. Nilichukua daftari nikapanga siku. Zilikuwa kumi na mbili, na mvua ilikuwa imeshaanza kushuka kila alasiri. Ukilima kwa jua peke yake, kama ulivyopenda, unapata mashamba matano. Ili nimalize saba ilibidi nianze saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kupambazuka, na nirudi tena jioni maji yakishakauka kidogo. Kwa hiyo ilikuwa ama taa, ama Luvungi.

Nilizipata sokoni Kadutu, zile ndogo za LED. Nilipiga hesabu kwanza: taa nne za wati kumi na nane, kwa batri ya volti kumi na mbili, zinakula ampea sita. Trekta yetu ndogo inaweza kulisha hizo bila kuishiwa. Jumanne nikafungua kile kifuniko cha bati nyuma ya kiti, nitafute njia ya kupitisha waya.

Na hapo ndipo nilipokukuta.

Kwenye ule upinde wa chuma unaomkinga dereva, upande wa kushoto, palikuwa na tundu. Halikuwa la kiwandani. Lilikuwa limepinda na kingo zake zilikuwa na meno. Chini yake, ndani kabisa, kulikuwa na kipande cha waya mwembamba, ule wa kufungia balbu nyumbani, kimeungua mpaka kimekuwa cheusi na kushikamana na bati. Ulikuwa umeutoa moja kwa moja kwenye batri. Hakukuwa na fyuzi. Hakukuwa na swichi. Uliupitisha juu ya ukingo mkali wa chuma bila hata kuuvisha kipande cha mpira.

Nilikaa chini kwenye majani. Kisha nikarudi nyumbani kutafuta daftari la mwaka juzi, kwa kuwa kuna kitu nilikuwa nakikumbuka nusu. Nikakiona, kwa mwandiko wangu: "Papa ametoka Kavumu, nguo zinanuka plastiki. Anasema jirani alichoma takataka." Wiki ileile nimeandika kwamba trekta ilikaa siku nne bila kuwaka, na wewe ukatuambia ni mafuta machafu. Mara ya kwanza ulipotamka yale maneno ya gari ya ndoa iko kurasa mbili mbele.

Papa. Ulijaribu, ukaunguza, ukaficha, ukatuchekesha mezani ili nisiulize tena.

Nilikukasirikia siku nzima. Wewe uliyenifundisha kukagua mafuta kila asubuhi hata kama jana hatukulima. Wewe uliyenirudisha kutoka barabarani kwa sababu ya boliti moja. Ungeniambia tu. Ningecheka kidogo, halafu tungefanya pamoja, na miaka miwili hiyo usingekuwa unarudi mbio na jua huku watu wanakungoja shambani. Nilikuwa nakuambia haya kwa sauti, peke yangu, na spana mkononi. Maman Furaha, yule kiongozi wa akina mama, alipita njiani akasimama.

"Neema, uko unamugombeza nani?"

"Papa."

"Endelea. Siye tulimuogopa."

Nikaendelea. Nilitumia waya mnene, nikauvisha mpira kila unapogusa chuma, nikaupitisha mbali na bomba la moshi. Taa ya nyuma ya kushoto niliifunga kwenye tundu lako lilelile. Fyuzi ya ampea kumi niliiweka karibu kabisa na batri, ili hitilafu yoyote ifie hapo. Niliweka rele, kile kisanduku kidogo kinachobeba umeme wa taa ili swichi isiungue. Na swichi iko mkono wa kulia, unapoweza kuigusa bila kuangalia.

Nami nilikosea, nisijifanye mjanja. Asubuhi ya kwanza zile mbili za mbele nilikuwa nimezifunga juu sana. Ukungu wa Kavumu unaujua; mwanga ulinirudia machoni, nikawa kama mtu aliyetazama ndani ya sufuria la maziwa. Mstari wangu wa kwanza ulipinda hadi mbuzi wangecheka. Nilizima, nikangoja kupambazuke, nikazishusha chini karibu na boneti na kuziinamisha. Kesho yake niliona udongo. Zile za nyuma ndizo zilizofanya kazi kubwa: nilikuwa naona jembe linavyoingia, naona jiwe kabla halijanivunjia kitu.

Shamba la kwanza, la pili, la tatu. Kila nilipomaliza nilifuta jina mlangoni kwa kiganja. Siku ya nane mvua ilinyesha tangu asubuhi na sikufanya chochote ila kutembea stoo huku na huku. Jumamosi, jana, lilibaki moja, la Maman Furaha mwenyewe. Mara mbili alikuwa amewaachia wenzake wajane zamu yake.

Tonton Deo alifika saa kumi na mbili jioni kuchukua ufunguo. Jua lilikuwa linazama na nilikuwa bado na mistari sita. Alisimama katikati ya kichwa cha shamba, pale pa kugeuzia, mikono nyuma. Nikawasha taa. Wanawake walikuwa wamesimama ukingoni, na Maman Furaha akampigia kelele:

"Deo, sogea. Unazibia bibi-arusi njia."

Walicheka wote. Akasogea.

Nilipomaliza mstari wa sita nilizima injini lakini taa nikaziacha. Tonton alizunguka trekta polepole. Nilingoja aseme lolote, nilikuwa na majibu kumi tayari.

"Taa ya nyuma, ya kushoto, imeinama," akasema.

"Tundu si langu. Ni la Papa."

Alilipapasa kwa kidole. Kisha akasema, bila kunitazama: "Nilimwambia atoboe chini kidogo. Alikataa. Ni miye nilishika ule upinde."

Kumbe mlikuwa wawili. Na yeye akanyamaza miaka yote hii, hata siku alipotaka kuiuza.

Leo tumeondoa matanga. Tonton alisimama tena mbele ya familia, akasema neno moja tu, kwamba ufunguo ubaki ulipo. Uko mfukoni mwangu ninapoandika.

Kwa hiyo pumzika, Papa, lakini usitegemee kwamba nitakutii katika hili. Taa hazitoki. Ukikasirika, kasirika. Lile tundu sitalinyoosha wala sitatoboa jingine. Taa ya kushoto itabaki imeinama, kama ulivyolitoboa. Ninakuahidi kwamba mtu yeyote atakayejifunza kuendesha trekta hii nitamwonyesha kwanza ule waya ulioungua. Nimeutundika stoo, juu ya mlango ulipoyaandika yale majina. Nitamwambia ni wa nani.

Binti yako,
Neema