Subaru ya Hans haiuziki

Hope, Hans kakwama! Kakwama kabisa!

Unalijua lile Subaru lake refu la turbo. Mwezi mzima anajiuliza, alifungie injini mpya au aliuze? Leo kaamua kuuza, mteja kaja mpaka kwao Akheri.

Mteja kashika ufunguo, mama yake huyo, katoka migombani! "Hili ndilo lililobeba jeneza la baba yako mpaka kaburini."

Kaburini, Hope! Mbele ya mteja!

Mteja akarudisha ufunguo. "Kaka, gari ya marehemu siigusi."

Hans akasema basi, atafunga injini mpya. Mama akamkata: "Ukimbilie wapi? Na mikungu yangu ya ndizi huko nyuma?"



Mama akarudi migombani. "Mdogo wako Irine anajifungua wiki ijayo. Kajaze mafuta."