Kwa Nini Baba Alikwambia Uvae Sweta

Nyumbani,
Chumba cha mbele.
Jumapili, baada ya chakula.

Mpendwa mdogo wangu Bonge,

Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama pikipiki ya muuza mkate? Sisi huku wazima. Goti linamsumbua mama, ila mdomo wake hauna maumivu hata kidogo, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Wanangu wanakua haraka kuliko viatu vyao. Mimi nimenenepa kidogo, na usicheke.

Najua umenuna. Tangu siku ile ulipompigia baba ukamwambia umeoa, naye akakujibu, "Haya, vaa sweta," hujapiga tena. Uliponisimulia nilicheka, halafu nikaona si jambo la kucheka. Ukanikataza nisimguse baba kwa neno hilo. Nikatii, ingawa roho iliniuma, na mzee nikawa namsalimia kwa mkato bila yeye kujua kosa lake.

Sasa nisikilize, nianzie mbali kidogo. Ile mitambo ya baba ya kukaangia kahawa ameibadilisha tangu uondoke. Kopo la maziwa ya unga limestaafu. Siku hizi ni pipa dogo la chuma alilolitoboa matundu, katikati amepitisha ekseli ya baiskeli, na mkono wa kuzungushia ni pedali. Linazunguka juu ya jiko la gesi pale uani. Fundi baiskeli hata akistaafu hawezi kutulia! Alilifungia na mota ya waipa ya gari bovu lizunguke lenyewe, tukapiga makofi.

Kisha nikakuta ameing'oa mota. Nikamuuliza, akasema inakula umeme. Mota ya waipa, Bonge! Na huyu ndiye anayeacha taa ya bafuni ikiwaka mchana kutwa. Nikashangaa.

Unajua baba hakaangi kwa kuangalia saa. Anakaanga kwa sikio. Buni zikigeuka rangi na kuanza kunukia kama mkate, anatega sikio mpaka zianze kupasuka, ta, ta, ta. Hapo ndipo husema, "Zimeitika," kama vile aliziita kwa majina. Anazima moto, anazimwaga kwenye chekecheo, feni ya mezani inapeperusha maganda mpaka kwenye nguo alizoanika jirani, jirani anafoka, anapewa kahawa, yanaisha.

Tangu hapo akikaanga alikuwa ananiita. "Njoo ukae hapa tupige soga." Nikafurahi, nikaona mzee amenikumbuka. Lakini soga zangu hazikuwa zikimwingia. Alikuwa ananitazama usoni tu.

Jumamosi moja nilikaa pale nikiwaza mambo yangu, na wewe ukiwemo. Buni zikaitika. Nilizisikia vizuri, ila mawazo yalikuwa mbali, sikutikisika. Baba akaendelea kuzungusha pedali taratibu, macho kwangu. Zikapasuka tena mara ya pili, moshi ukatanda ua mzima, na yeye bado anangoja. Ndipo nikaelewa. Muda wote ule alikuwa anaangalia nyusi zangu. Nikizipandisha, anajua zimeitika. Na mota aliing'oa kwa sababu mlio wake ulimfunikia hata kile kidogo alichokuwa bado anakisikia.

Nikamwambia, "Baba, zinaungua." Akanijibu, "Eh, jua la leo kali." Nikazima gesi mwenyewe. Buni zilikuwa mkaa mtupu.

Nikamsogelea sikioni nikamuuliza kama anasikia. Akasema, "Sauti zote zipo, ila zimekaa mbali." Halafu akaongeza, "Na huyo mdogo wako, simu zake za mwisho alikuwa ananong'ona. Nadhani anatuficha ugonjwa. Kila aliponyamaza nilimwambia avae sweta, maana huko aliko kwa habari ya baridi siwezi kukosea."

Nilihisi kama nimepigwa. Nikamwambia palepale sikioni kwamba hukunong'ona, kwamba ulimpa habari kubwa. Nilitaka kumalizia, akaniziba mdomo kwa kiganja chake chenye masizi. "Usiniambie. Aniambie mwenyewe." Akauliza kitu kimoja tu, kama ni habari njema. Nikaitikia kwa kichwa. Bonge, baba alilia. Aliniumiza, kwa sababu hakulia kama mtu anayejionea huruma. Alikuwa anasema tu, "Mwanangu anadhani sikufurahi."

Kwa hiyo elewa hivi: nyumba nzima inajua una mke, hata jirani wa maganda anajua. Asiyejua ni baba peke yake. Tukianza kukutaja, anainuka anatoka nje, asije akasikia kwa bahati mbaya. Umewahi kuona wapi kiziwi anayekimbia maneno? Mama anacheka mpaka anashika goti.

Na yule aliyekuwa akisema mashine za masikio ni za wazee, juzi alinyoa ndevu asubuhi, akavaa shati la kutokea, akaniambia, "Nipeleke." Daktari akampima, akasema kifaa kitakuwa tayari Alhamisi. Akamuuliza kwa sauti kubwa ni kitu gani hasa anachotaka kukisikia. Mimi pembeni nilijua atasema kahawa. Baba akajibu, "Nina simu ninayoingoja."

Basi ipige, mdogo wangu. Sema neno lako polepole, kwa sauti, kama hujawahi kulisema kabla.

Mama anakusalimu sana, na shangazi, na wanangu wanaouliza kama wifi yangu anajua kusuka nywele. Mpe salamu zangu nyingi, umwambie nina hamu ya kumwona. Mungu awatunze nyote wawili na awape nyumba yenye amani.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukiwa umekasirika.