Amina Nyuma ya Barakoa

Jumatatu, 6 Julai
Kuvaa, kuvua. Zoezi la mara ya nne leo. Koti, barakoa nene, miwani, glovu mbili. Furaha, nesi mwenzangu, anasoma hatua karatasini, mimi nafuata. Miguu inauma. Docteur, daktari wetu, anasema hatari iko kwenye kuvua. Kuingiza bomba la kamera kooni mwa mtu anayekohoa, wakati huu wa corona! Naogopa. Nyumbani Gihundwe yupo Mama, na ana kisukari.

Jumanne, 7 Julai
Ameletwa mtoto kutoka Bweyeye. Neema, miaka minne. Anakohoa wiki nzima, wakamtenga wakidhani ni corona. Docteur akasikiliza kifua: upande wa kulia kimya. Hapo mamake akakumbuka kwamba alipaliwa na karanga. Kipimo cha corona kimeenda maabara, jibu bado. Haiwezekani kungoja, anapumua kwa shida. Kesho asubuhi tunaitoa karanga kwa bomba la kamera.

Jioni zoezi la mwisho. Tumeshavaa kila kitu, Docteur akasema tuombe kama kawaida yetu. Nikashusha barakoa! Tangu utoto wangu Bukavu sijawahi kuomba nimefunikwa mdomo. Furaha alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia: "Maman Aline, Mungu anasikia hata kama mudomo iko imefungwa!"

Sikucheka. Isingekuwa zoezi, ningempelekea Mama ugonjwa. Nimejichukia.

Jumatano, 8 Julai
Tuliomba nje, kabla ya kuvaa, bila kushikana mikono. Ndani watatu tu: Docteur, fundi wa dawa ya usingizi, mimi. Dirisha wazi, mlango umefungwa. Neema akalazwa usingizi mzito ili asikohoe. Miwani yangu ikaingia ukungu. Sikuigusa. Karanga ikatoka, vipande viwili. Pumzi ikarudi pande zote!

Nilitaka kupiga vigelegele. Nikavua polepole, Furaha akinisomea hatua kupitia kioo cha mlango.

Ijumaa, 10 Julai
Jibu limerudi. Neema ana corona. Anapumua vizuri lakini, na amemaliza uji. Sisi watatu tumewekwa karantini. Mama anapiga simu, nampa maneno ya kumtuliza. Mwenyewe sijatulia.

Jumamosi, 25 Julai
Wote watatu wazima. Neema amesharudi Bweyeye.

Nimefika nyumbani mchana. Mama amepika sombe ya majani ya muhogo na sambaza, dagaa wa ziwani. Alinitazama sana, akanipakulia. Tukainamisha vichwa. Nikaomba, mdomo wazi, nikaomba mpaka chakula kikaanza kupoa. Mama akasema Amina kabla yangu.