Mchago wa Shubiri Saba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua sasa mvua zimekatika. Mama umfikishie shikamoo yake, umwambie yale mafuta ya kuchua aliyonipa bado ninayo. Sisi huku hatujambo. Mkweo naye hajambo, ingawa kwa wiki tano sasa yuko kitandani kwa amri ya mkunga, mpaka mtoto atimize miezi yake. Nina mambo mawili ya kukueleza, moja la kujisifu na moja la kukiri. Nitaanza na la kujisifu, maana ndilo lililonipa ujasiri wa kuliandika la pili.

Mkunga alimkataza mkweo kusimama sana, akamkataza pia kulala chali. Akasema aketi akiegemea. Aegemee nini, Baba? Kitanda chetu unakijua, ni matendegu manne na chaga, basi. Mito ilikuwa ikiteleza, ukuta una unyevu, na kila siku alilalamika mgongo. Nikaenda duka la fanicha kuuliza bei ya kichwa cha kitanda. Muuzaji aliponitajia, nilimshukuru nikatoka nimeziba mfuko kwa mkono usije ukasikia.

Ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni mtoto wa seremala. Kwenye bohari ninakofanya ukarani kuna paleti zilizovunjika, zinangoja kuchomwa moto. Msimamizi akasema nichukue nizitakazo, mradi nizichomoe mwenyewe zilikobanwa chini ya magunia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka suruali ikachanika. Jirani yetu fundi bomba akaniazima msumeno na randa, huku akiniuliza kama najua upande wa msumeno wenye meno. Nikamjibu kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.

Hapo kiburi kikaniponza. Alinipa na futi ya kupimia, nikaikataa. Nikamwambia kwetu mbao hupimwa kwa mkono, na baba yangu hajawahi kukosea. Nilikumbuka ulivyokuwa ukitusahihisha, kwamba kitanda hakina kichwa, kina mchago, na mchago wa kitanda cha watu wawili ni shubiri saba. Mkweo alikuwa amelala na sikutaka kumwamsha. Nikapima shubiri zangu saba pale pale uani, nikakata, nikapigilia, nikapiga msasa siku nne. Nikauingiza chumbani kwa mbwembwe, nikausimamisha mahali pake. Ulikuwa pungufu kwa shubiri nzima.

Mkweo alicheka mpaka nikamhofia mtoto. Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akasema kwamba saba za baba mkwe ni za mkono wa randa, na hizi zangu ni za mkono wa kalamu. Nilinuna hadi chakula cha jioni.

Kesho yake nikaiomba ile futi, kwa adabu. Pale palipopungua, upande wake mkweo, nikaunga kirafu chembamba cha kuweka maji, dawa na redio, na sasa kila anayekiona anadhani ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo. Sponji niliitoa kwenye kochi bovu la jirani, kitambaa ni pazia letu la zamani. Baba, laiti ungemwona. Ameegemea, anakula mwenyewe, anasoma gazeti, na ananituma huku na huku kama mkurugenzi. Mkunga alipokuja aliugonga mchago kwa kidole, akauliza fundi wake anapatikana wapi, kwa kuwa dada yake anataka kama huo. Nikamwambia fundi ni mimi. Nilifurahi hata nikasahau kumkaribisha kiti.

Sasa lile la pili. Mkunga alipoondoka, mkweo aliniuliza jambo dogo. Alisema siku zote amesikia kwetu kwamba vumbi la mbao hunibana kifua, ndiyo maana sikujifunza useremala. Mbona nimeshinda siku tisa ndani ya vumbi bila hata chafya? Nikajifanya nafuta vumbi kwenye mchago. Akasema, kwa upole, kwamba anayelidai jibu hilo si yeye.

Baba, sikuwahi kuumwa kifua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, wenzangu walikuwa wakicheza mpira, na wewe ulinitaka karakanani. Siku moja nilijikohoza, ukaniachia nikacheze. Nikakohoa tena kesho yake. Sikujua kwamba ungenipeleka kwa daktari hadi kwa daktari, wala kwamba ungeifunga karakana iliyokuwa ubavuni mwa nyumba, uuze meza yako ya kazi, uende kuajiriwa kwenye kiwanda cha watu, ukisema kazi ipo nyingine lakini mtoto hayupo mwingine. Siku walipoibeba ile meza nilisimama mlangoni nikakohoa, ili isionekane umeiuza bure. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka ishirini na moja, na nimechoka kuitembea.

Naona haya, Baba, na naomba radhi. Ukikasirika ni haki yako, nami sitajitetea. Ila mtoto atahitaji kitanda, na hicho sitakigusa mimi. Nimepata likizo ya wiki mbili mwezi ujao, na ua nimeufagia. Mbao za paleti zilizobaki nimezitengenezea meza ya kazi. Inayumba kidogo, na najua utaikosoa kabla hujavua koti. Ni yako. Ukitaka kuondoka nayo, nitakubebea mwenyewe mpaka kwetu, ubavuni mwa nyumba.

Mkweo anakuamkia, na anasema usije bila Mama. Wasalimie wote wanaoniulizia.

Ni mimi mwanao,
mwenye kifua kizima.