Cheti cha Kuning'iniza Chooni

Dada Glenys,

Mlimau wa mama umezaa mpaka majirani hapa Launceston wananikwepa nisiwabebeshe tena malimau.

Ulinicheka ukisema cheti cha ukocha wa maisha ni cha kuning'iniza chooni. Kweli, wateja wangu wanaokuja niwasaidie kupanga maisha yao hawajawahi kukiulizia. Lakini ili nikipate, ilibidi nami nikae mbele ya kocha mwenzangu, mzee Desmond, anihoji kama ninavyowahoji wengine.

Akaniuliza, "Wewe ungependa nani akusikilize?"

Nikataja jina lako, nikalia.

"Sasa Raelene, mimi unanieleza ya nini?" akasema. "Mwandikie."

Tangu tumzike mama hatujaongea, dada. Cheti kije kisije, wewe njoo. Kitanda chako nimeshakitandika.

Mdogo wako,
Raelene